Gari Linapotoa Hewa ya Moto: Tujue Joto Linatoka Wapi



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi huliona kuwa ni kero ya safari tu. Dereva ameweka swichi upande wa baridi, lakini matundu ya hewa kwenye dashibodi yanatoa hewa ya moto. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo ni kero kweli. Kwa mama anayepelekwa kujifungua, au kwa mtoto mwenye malaria na upungufu wa damu, joto hilo humwongezea mgonjwa mzigo. Tena, wakati mwingine hewa hiyo huja pamoja na moshi wa injini, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

Somo hili linawahusu madereva, vijana wanaojifunza ufundi wa magari, wahudumu wa afya wa jamii na kila anayemsindikiza mgonjwa. Jambo kuu la kushika ni hili: usifungue wala kubadilisha kifaa chochote kabla ya kujua joto linatoka wapi.

HEWA HUPITA NJIA GANI?

Hewa safi huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa. Feni huivuta na kuisukuma hadi kwenye matundu ya dashibodi. Njiani kuna hita, ambayo ni kama rejeta ndogo. Maji ya moto ya injini, yenye joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi, huingia humo kwa mpira mmoja na kutoka kwa mpira wa pili.

Kuna namna mbili za kuzuia joto hilo. Katika magari mengi ya zamani kuna koki inayofunga maji yasiingie kwenye hita. Katika mengine maji hupita wakati wote, ila kilango kidogo ndani ya dashibodi huizuia hewa isipite kwenye hita. Koki au kilango huvutwa na kebo kutoka kwenye swichi yenye alama nyekundu na buluu.

Zingatia: gari lisilo na kiyoyozi haliwezi kutoa hewa yenye ubaridi kuliko hewa ya nje. Kama nje kuna joto la nyuzi 32, hewa ya kwenye matundu itakuwa na joto hilo au kuzidi kidogo. Huo si ubovu. Vilevile, gari lililoegeshwa juani litatoa hewa ya moto kwa dakika chache za mwanzo.

MAJARIBIO MANNE YASIYOHITAJI SPANA

1. Jaribio la asubuhi. Kabla ya kuwasha injini, fungulia feni na uweke mkono kwenye tundu la hewa. Hewa inapaswa kuwa sawa na ya nje. Kisha endesha kwa robo saa, swichi ikiwa upande wa baridi. Kama hewa imekuwa ya moto huku nje bado kuna ubaridi, joto linatoka kwenye injini au hita.

2. Jaribio la swichi ya joto. Isogeze kutoka buluu kwenda nyekundu, kisha irudishe. Kama hewa haibadiliki, koki au kilango hakisogei. Swichi ikiwa nyepesi kupita kiasi, kebo imekatika au imechomoka. Ikiwa nzito, kuna kutu au vumbi lililoganda.

3. Jaribio la hewa ya nje na ya ndani. Magari mengi yana swichi ya kuchagua kuvuta hewa ya nje au kuzungusha ya ndani. Kama hewa ni ya moto kwa namna zote mbili, chunguza hita. Kama ni ya moto pale tu unapovuta ya nje, basi joto la injini linaingia kwenye matundu ya chini ya kioo.

4. Jaribio la mipira miwili. Injini ikiwa imepata joto na swichi ipo kwenye buluu, zima injini na uchomoe ufunguo. Fungua boneti, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na mipira ya hita bila kuigusa. Katika gari lenye koki, mpira ulio baada ya koki haupaswi kuwa wa moto. Ukiwa wa moto, koki haifungi. Katika gari lenye kilango, mipira yote miwili kuwa ya moto ni kawaida. Tafuta tatizo kwenye kebo au kilango.

NINI KIFANYIKE

Kebo iliyochomoka hurudishwa mahali pake na kubanwa vizuri. Hii ni kazi ndogo, na mara nyingi ndiyo tiba yenyewe. Iliyokatika hubadilishwa. Koki iliyoshika kutu ibadilishwe. Kuilazimisha kwa koleo huweza kuivunja na kumwaga maji yote ya injini njiani.

Kama koki mpya haijapatikana, fundi anaweza kuunganisha mipira ya hita ili maji yarudi kwenye injini bila kupita ndani ya hita. Dereva aambiwe, kwa sababu hatakuwa tena na hewa ya moto ya kuondoa ukungu kwenye kioo asubuhi ya mvua.

Kama joto linaingia kutoka nje, angalia raba ndefu iliyo nyuma ya boneti, karibu na kioo. Raba hiyo huzuia joto na moshi wa injini visifike kwenye matundu ya hewa. Ikichanika au kutolewa, vyote viwili huingia ndani. Angalia pia matundu ya nyaya na mipira kwenye bati linalotenganisha injini na abiria. Kila tundu liwe na raba yake.

Kwa gari lenye kiyoyozi, anza na mambo mepesi. Je, mkanda upo na umekaza? Je, wavu ulio mbele ya rejeta umezibwa na vumbi na wadudu? Hapa Kigoma, wakati wa kiangazi, wavu huo huziba upesi. Usafishwe kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Lakini usilegeze bomba lolote la gesi ya kiyoyozi. Gesi hiyo ikitoka huunguza ngozi na macho kwa ubaridi mkali. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake.

DALILI TATU ZA KUSIMAMISHA GARI

Kwanza, harufu ya moshi ndani ya gari. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayotoka kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, hivyo kutosikia harufu si uthibitisho wa usalama. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hatimaye kuzimia. Ni rahisi kudhani ni malaria. Tofauti ya kuangalia ni hii: watu kadhaa katika gari moja huumwa kwa pamoja, nao hupata nafuu wakishuka. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, watoto wachanga na wenye upungufu wa damu huathirika zaidi, na hao ndio tunaowabeba mara nyingi. Simamisha gari, zima injini, washushe wote kwenye hewa safi, omba gari jingine, na mweleze mhudumu wa afya mlichovuta. Usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi ukidhani unatoa moshi. Mara nyingi unauvuta ndani.

Pili, harufu tamu, ukungu wenye mafuta kwenye kioo, au zulia lililolowa miguuni pa abiria. Hita inavuja. Maji yakipungua, injini huchemka. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwani mvuke huruka na kuunguza uso. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto. Yasimwagwe karibu na nyumba wala kuhifadhiwa kwenye chupa za soda.

Tatu, mshale wa joto la injini unapanda huku hewa ya moto ikizidi. Injini inazidiwa; izimwe mapema.

CHANJO NA DAWA

Chanjo nyingi, pamoja na oksitosini ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Sanduku la baridi lisiwekwe mbele ya matundu ya miguuni wala juani. Usitegemee kiyoyozi cha gari kulinda chanjo.

KWA ANAYEMSINDIKIZA MGONJWA

Huhitaji kuwa fundi ili kusaidia. Mwambie dereva: "Dereva, hewa inayotoka hapa ni ya moto, na nasikia harufu ya moshi." Kusema hivyo si utovu wa adabu. Dereva anatazama barabara. Wewe uko karibu na mgonjwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Hewa ni ya moto pale tu unapovuta ya nje. Utaangalia wapi kwanza?
2. Kwa nini mipira miwili ya moto si ubovu katika kila gari?
3. Watu watatu katika gari moja wanaumwa kichwa kwa pamoja. Utafanya nini kabla ya jambo jingine lolote?

Soma somo hili pamoja na jirani yako, na msomee asiyeweza kusoma. Gari la wagonjwa ni la jamii nzima, na anayeeleza ubovu mapema humwokoa atakayepanda kesho.