Mafunzo ya Kazi za Reli

Mji wa Ogembo, katika nchi ya Kisii, haujapata kusikia mlio wa gari la moshi. Lakini habari ya reli yawahusu watu wa huko. Mashamba ya Gusii ni madogo, na kila kizazi huyagawa tena. Baba mwenye wana watano hawezi kumrithisha kila mmoja chai na ndizi za kumtosha. Yampasa kuwatafutia urithi mwingine usiogawanyika, yaani ufundi.

Katika mpango wa Serikali ya Kenya wa kuipeleka reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu, njia ilichorwa kupita Narok, Bomet na Nyamira. Nyamira ni jirani wa Kisii. Basi swali la maana si gari litapita lini tu, bali ni nani atakayelijua gari hilo litakapopita.

Yafaa kutazama mambo yaliyokwisha pita. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mafundi na makarani wengi walikuwa wageni. Wenyeji walipata zaidi kazi ya kuchimba na kubeba, kwa maana hapakuwa na chuo cha kuwafundisha kazi iliyo bora kuliko hiyo. Chuo cha Mafunzo ya Reli cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1956, yaani miaka 55 baada ya reli kufika Kisumu. Katika miaka hiyo yote mshahara mnono ulikuwa wa watu wengine.

Tanzania na Zambia zilishika njia nyingine. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kazi ilipokuwa ikiendelea, mwaka 1972, vijana wapatao 200 wa nchi hizo mbili walipelekwa Beijing kusoma kazi za reli. Mataruma yalipokuwa yakilazwa, wao walikuwa darasani.

Kenya nayo ilifuata mfano huo ilipojenga reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei mwaka 2017. Serikali, Shirika la Reli, kampuni ya Kichina iliyojenga njia, na vyuo vya nchi zote mbili vilishirikiana. Walimu wa Chuo Kikuu cha Southwest Jiaotong walikuja kufundisha katika chuo cha Nairobi. Vijana wengine walipewa ufadhili wa kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Beijing Jiaotong, kundi la kwanza likiondoka mwaka 2016. Madereva walipelekwa China, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, reli ilipofunguliwa, kazi nyingi za juu zilikuwa bado mikononi mwa Wachina, nazo zilihamia kwa Wakenya kidogo kidogo. Sababu yake ni rahisi: reli yaweza kujengwa kwa miaka mitatu, lakini mhandisi hawezi kukomaa kwa muda huo.

Wengi hudhani kwamba kazi ya reli ni ya dereva peke yake. Sivyo. Mpimaji huchagua mahali pa kupitisha njia. Fundi wa njia huangalia kokoto, mataruma na vyuma, kwa kuwa vyuma viwili vya reli mpya lazima viachane kwa milimita 1,435. Fundi wa umeme hutunza ishara. Fundi wa mitambo hutengeneza injini na breki. Bwana stesheni hupanga gari lipi lipite na lipi lingoje. Gari la abiria laenda kilomita 120 kwa saa, na lile la mizigo lina uzito wa maelfu ya tani. Haliwezi kusimama ghafula kama baiskeli. Kosa la mtu mmoja asiyefundishwa laweza kuua mamia.

Kwa hiyo kila upande una wajibu wake. Serikali hutangaza mapema kazi zitakazohitajiwa na kutoa mikopo ya masomo. Vyuo hufundisha misingi. Shirika na makampuni hupokea wanafunzi karakanani, ili mkono ujifunze yale ambayo sikio limesikia. Upande mmoja ukilegea, kijana hubaki na cheti kisicho na kazi, au kazi hubaki bila mwenyeji wa kuishika.

Upande wa nne ni mzazi. Kijana wa Ogembo hana haja ya kuanzia Nairobi. Chuo cha Ufundi cha Taifa kilichoko Kisii hufundisha umeme, mitambo na ujenzi, na hayo ndiyo misingi ya kazi za reli. Lakini milango hiyo hufunguliwa kwa hesabu na fizikia, masomo ambayo watoto wengi huyakimbia, na wasichana huambiwa kwamba si yao. Mzazi amwulize mwanawe alama zake za hesabu leo, wala asingoje tangazo la kazi. Na kabla ya kulipa karo, aulize chuo maneno mawili: je, chuo hiki kimesajiliwa na Serikali? Na wanafunzi wake hupelekwa karakana gani kujifunza kazi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Reli yaweza kukawia, lakini ufundi wa umeme na mitambo hauozi. Fundi hodari atakula jasho lake, gari lipite Nyamira au lisipite.