SOMO: SURA NA ANWANI HII NI YA NANI?

Someni Marko 12:13-17.

Ndugu wapendwa, jibu la Bwana limehubiriwa mara nyingi. Leo twataka kuitazama dinari yenyewe. Yaelekea ilikuwa ya Tiberio: sura yake, na maandishi ya Kilatini yakimwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Lakini fedha ndogo za shaba za sokoni hazikuwa na sura ya mtu. Herode Antipa kule Galilaya alitia mmea tu, maana Wayahudi walichukia sanamu. Pilato naye hakutia sura, ila katika miaka 29 hadi 31 alitia vyombo vya ibada ya Kirumi: upawa wa kumiminia sadaka na fimbo ya mpiga ramli. Sisi twaona huo ni uchokozi wa mtu mwenye askari nyuma yake.

Kwetu je? Mwaka 1890 Kampuni ya Wajerumani ilitoa pesa ya shaba, tai upande mmoja, maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Watu wa pwani walizoea maandishi hayo, na mgeni hutaka aaminiwe kwanza. Rupia, iliyokuwa ya fedha hasa, ilikuwa na kichwa cha Wilhelm II amevaa kofia ya vita, na cheo chake kwa Kilatini, lugha ile ile ya Tiberio. Wazee walimwita Kaisari. Ni neno lile lile la Marko.

Mkulima wa mtama huku bara aliitakia nini rupia? Kodi ya nyumba! Ilianza kutozwa 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na asiyekuwa nazo alikwenda kuzitafuta kwa kibarua. Basi sarafu ya Kaisari haikupendwa, lakini ilitafutwa. Kodi hiyo, pamoja na pamba ya kulazimishwa, ilichochea Vita vya Maji Maji vya 1905, ambavyo misheni ya Masasi iliteketezwa.

Kisha ikaja shilingi ya Waingereza, sura ya mfalme mbele na simba nyuma. Ndiyo waliyolipwa vibarua wa mradi wa karanga hapa Nachingwea. Mwaka 1966 ikatoka yetu, yenye sura ya Mwalimu Nyerere na mkono ulioshika mwenge.

Wa umri wetu watazikumbuka senti 10 za mkoloni zenye tundu. Hizo zilikuwa na taji na jina la mfalme bila sura, maana tundu lingempitia usoni. Aliye nayo sandukuni, Nachingwea au Ruangwa, aje nayo katika somo lijalo.