Mas'ala ya Kumwandika Kazi Mtu Aliyepata Kuugua Akili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo, hili ni somo juu ya jambo wanalolitenda matajiri wengi pasi na kulifikiri, nalo ni kumnyima mtu kazi kwa kuwa ilisikiwa kwamba zamani akili yake iliugua. Wengine hudhani huo ni uangalifu, na wengine husema ni dhuluma. Yafaa kila mwenye kuandika watu kazi ajue mpaka uliopo baina ya hayo mawili.

SURA YA MAS'ALA. Zaid ni mfanyi biashara wa pwani aliyefungua ghala mjini Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe. Hununua ndizi na viazi kwa wakulima, akavipakia katika magari kwenda Dar es Salaam. Akamjia Amri, kijana wa huko huko, kutaka kazi. Nafasi ni mbili: karani wa mizani, na dereva wa gari la mizigo. Amri anajua hesabu, na leseni ya udereva anayo. Lakini watu wakamnong'oneza Zaid kwamba miaka mitatu nyuma Amri alishikwa na huzuni nzito hata akaacha kula na kulala, akapelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali ya maradhi ya akili iliyoanza mwaka 1927. Alitibiwa, akarejea, na tangu hapo analima shamba la baba yake kama watu wote. Je, Zaid ana haki ya kumkataa kwa khabari hiyo?

MLANGO WA KWANZA: SIFA ZA MTU WA KAZI. Katika Sura ya Al-Qasas kimetajwa kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan, na binti aliyemshauri baba yake amwajiri. Binti yule alitaja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Wanavyuoni wakaeleza ya kuwa nguvu ya kila kazi ni kwa kadiri ya kazi yenyewe. Nguvu ya mpagazi ni mgongo wake, nguvu ya karani ni hesabu yake, na nguvu ya dereva ni macho yake na kuwa macho kwake. Kwa hiyo uzima wa akili umo ndani ya sifa ya nguvu, na tajiri hakukatazwa kuuangalia. Lakini huangalia kile kinachotakiwa na kazi iliyo mbele yake, wala si kila kilichompata mtu tangu kuzaliwa.

Mfano wake ni Abu Dharr (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimpenda na kumsifu kwa ukweli, lakini alipoomba uongozi alimwambia kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana. Basi alizuiliwa kazi moja isiyomwelekea, naye hakuvunjiwa heshima wala hakufungiwa milango mingine ya kheri.

MLANGO WA PILI: HUKUMU YA ALIYEPONA. Katika fikihi ya Imam Shafi, mwenye kufunga mkataba wa ujira sharti awe na akili wakati wa kuufunga. Aliyepotewa na akili mkataba wake hausihi maadamu yumo katika hali hiyo. Akizindukana, mkataba wake ni sahihi; na hata yule ambaye wazimu humjia na kumwacha, katika wakati wa kuzindukana kwake huhukumiwa kuwa mzima. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye wazimu, seuze Amri aliyeshikwa na huzuni akapona! Sharia haikuyafanya maradhi yaliyopita kuwa chapa ya moto isiyofutika katika paji la uso.

MLANGO WA TATU: SHERIA YA NCHI. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, imekataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na imemhesabu mwenye kuomba kazi sawa na aliyekwisha andikwa. Pamoja na hayo imeruhusu kuchagua kwa sharti ambalo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hilo. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo katika kuufafanua ulemavu haikuiacha nje akili, imemlazimu tajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na walemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Hapa sheria ya nchi na mafundisho ya wanavyuoni yamekutana.

MLANGO WA NNE: MADHARA YA KUCHUNGUZA YALIYOPITA. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa na maradhi ya akili ya namna mbalimbali, yaani mtu 1 katika kila 8. Basi tajiri mwenye watu arubaini asidhani kuwa hana hata mmoja. Huenda wamo, nao wamenyamaza. Na ikiwa kila aliyekwenda hospitali atakataliwa kazi, anayeadhibiwa ni yule aliyetafuta dawa, na yule anayeugua kwa siri hupita mlangoni bila ya kuulizwa. Watu wakiyaona hayo huyaficha maradhi yao hata yakomae, na khasara humrudia tajiri yule yule.

Tena watu wa Rungwe wana khabari ya zamani ya kupimwa. Katika miaka ya 1930 vijana wao walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na baadaye wengine wakachukuliwa hata machimbo ya Afrika Kusini. Huko mtu alipimwa uzito na kifua kabla ya kushuka shimoni. Kipimo hicho kilitazama faida ya mwenye machimbo, na yaliyompata mtu baada ya kuandikwa yalikuwa shauri jingine. Tajiri wa leo asichunge mlango kwa ukali hali ndani anaugueza watu kwa kuwacheleweshea ujira, kuwanyima usingizi na kuwatukana. Mtume (s.a.w.) aliamrisha mtumishi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

SUALI. Na maradhi yakirudi, mali ikapotea?

JAWABU. Homa ya malaria nayo hurudi, wala hakuna anayenyimwa kazi kwa kuwa aliugua malaria mwaka juzi. Mtumishi akiugua hupewa ruhusa akatibiwa. Na kazi yenyewe huwa msaada wa kupona: kule Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako nyumba ya wagonjwa wa akili iliwekwa mwaka 1904, kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu.

JAWABU LA MAS'ALA. Kwa ukarani wa mizani, Zaid amjaribu Amri kwa hesabu na mizani kama anavyowajaribu wengine. Akifaulu, hana njia ya kumkataa kwa maradhi yaliyokwisha.

Kwa udereva, mambo yana uzito zaidi, kwani njia ya kupanda Uyole na ya kuteremka Kyela ina miteremko, mvua na ukungu, na roho za watu wengine zimo njiani. Hapa Zaid ana haki ya kuuliza, ila awaulize madereva wote suali moja: je, yako maradhi yoyote, au dawa yoyote iletayo usingizi, ambayo yatamzuia mtu kuendesha salama sasa? Awajaribu wote barabarani, na penye shaka atake neno la tabibu juu ya kufaa kwa kazi, si kisa kizima cha ugonjwa. Ikidhihiri kuwa Amri anatumia dawa ya namna hiyo, ampe ukarani.

Ama minong'ono ya watu, aiache. Kupeleleza na kusengenya kumekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat. Mwenye kutakwa shauri aseme kile tu kinachohusu kazi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomnasihi Fatima binti Qays juu ya waliomposa, alitaja lililohitajiwa, basi. Na siri atakayoambiwa Zaid na Amri mwenyewe ni amana. Akiitoa barazani amekhini, hata kama amempa kazi.

Tena Zaid ajitazame na yeye. Kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na ghadhabu, kwa kuwa akili ya mzima nayo huyumba. Siku hiyo Zaid anapima akili ya mwenziwe, basi aanze kwa kuituliza yake, kisha ndipo amwite Amri aketi.

Wallahu aalam.