Chokaa ya Kilwa, Malakiti ya Katanga

Ukitaja Kilwa hapa Lubumbashi, mwenzako atadhani unazungumzia samaki. Kilwa yetu iko kando ya Ziwa Mweru, na majini mbele yake kuna kisiwa chenye jina hilohilo, ambacho kwenye ramani ni cha Zambia. Ninayotaka kuieleza leo ni Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Lakini nitaanzia nyumbani, maana aliyelielewa jiwe letu la kijani amekwisha kuelewa nusu ya habari za kisiwa kile.

Jiwe hilo ni malakiti, lile ambalo mafundi wetu hulisugua wakatengeneza visanduku na shanga. Okota unga wake chini ya meza ya fundi, uweke kwenye kisahani, utie siki matone machache. Kwenye kisahani cha pili weka ganda la yai lililosagwa, utie siki vilevile. Ganda litatoa povu papo hapo. Malakiti itajivuta, lakini ukiinama karibu utaona vipovu vidogo vikipanda, na siki ikianza kugeuka rangi. (Usionje, hiyo ni sumu.) Povu la visahani vyote viwili ni hewa moja: hewa ya ukaa, ileile inayofoka unapofungua chupa ya bia ya Simba.

Basi haya ni mawe yaliyobana hewa ndani yake. Ifukuze kwa moto, utabaki na kitu kingine kabisa. Malakiti ikipata moto hugeuka nyeusi. Ikizidi kuchomwa pamoja na makala, huku mivukuto ikipuliza, gesi ya makala huipokonya oksijeni na shaba hubaki peke yake. Kwenye nyuzi 1,085 huyeyuka. Wazee wetu waliumimina mukuba huo, yaani shaba, katika umbo la msalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa makaburini huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, na mwaka 1960 ilichorwa kwenye bendera ya Katanga.

Watu wa Kilwa waliifukuza hewa hiyohiyo kutoka kwenye jiwe jeupe. Matumbawe, kama ganda la yai, ni kalisi iliyoshikana na hewa ya ukaa. Walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakawasha. Karibu na nyuzi 900 hewa hutoka: kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu za chokaa. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka yenyewe bila moto, kisha huwa uji mzito. Ukipakwa ukutani, uji huo huanza kuvuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, mwaka hata mwaka, hadi urudi kuwa jiwe. Ukuta wa Kilwa umelishwa upepo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba kisiwani miaka ya 1960, alifuata kanuni ambayo hata mchimba kisima anaijua: cha chini kilitangulia. Tabaka za chini, za karne ya 9 hivi, zilikuwa na vigae vya vyungu na mabaki ya nyumba za miti na udongo, za wavuvi na wafua chuma. Na kabla yao walipita watu wa zana za mawe. Majengo ya matumbawe na chokaa yako juu zaidi. Sarafu ndogo za shaba zimepatikana kwa maelfu, zina majina ya masultani lakini hazina mwaka, kwa hiyo ni tabaka zinazozipa umri.

Ila chokaa hula kuni nyingi. Nani aligharamia? Upepo. Bara la Asia hupoa kuliko bahari wakati wa baridi, hewa yake nzito humiminika kusini, na hiyo ndiyo kaskazi. Joto likirudi, upepo hugeuka kuwa kusi. Chombo kutoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kaskazi na kurudi na kusi, lakini kwenda mbele kusini hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu, kulihatarisha msimu mzima. Kwa hiyo dhahabu ilifuatwa na watu wa Kilwa wenyewe, nao wakatoza ushuru.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu. Aliusifu mji, lakini alitaja nyumba za miti. Sioni mgongano: chokaa ilikuwa ya Mungu na matajiri. Tena hata tajiri alibanwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya mawe ni vyembamba.

Vasco da Gama alidai kodi mwaka 1502. Wareno wakauteka mji 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Mwaka 1776 sultani alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kwa mwaka. Katika karne ya 19 biashara hiyo ikahamia Kilwa Kivinje, bara, na kisiwa kikarudi kwa wavuvi.

Mwaka 1981 magofu yaliingia katika Urithi wa Dunia, na 2004 yakatajwa kuwa hatarini: mawimbi yalikuwa yanakula ufuko na kuta zinaanguka. Kuta kama hizi hazitibiwi kwa saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu kupita matumbawe na huzuia unyevu na chumvi kutoka, hadi jiwe lipasuke. Dawa yake ni chokaa ileile. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Ukivuka siku moja kutoka Kilwa Masoko, gusa plasta ya Msikiti Mkuu kwa kiganja tu, wala usibandue kipande cha kuja nacho.