Kunyoa Kichwa kwa Ajili ya Mtoto Aliye Hai

Masomo: Hesabu 6:13-18, Matendo 21:23-26, Warumi 12:15

Mama mmoja alirudi kwetu Rungwe kutoka Dar es Salaam pamoja na mwanawe, aliyekuwa akitibiwa saratani, yaani kansa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kitupu. Jumapili ile watu walimwuliza mama, "Mmefiwa na nani?" Jumapili ya pili alimfunika mtoto kitambaa, ya tatu hakuja kanisani. Ndipo vijana walipotaka kunyoa vichwa vyao mbele ya usharika na kukusanya fedha kwa ajili yake. Wazee wengine wakakataa, wakisema, "Kwetu hunyoa aliyefiwa. Mbona mwamlilia aliye hai?" Neno hili si dogo, basi na tulichunguze.

1. Kwa nini nywele hutoka? Saratani ni ugonjwa wa chembe za mwili zinazoongezeka pasipo kiasi. Dawa zake huua chembe zinazoongezeka upesi. Na kwa kuwa chembe zinazootesha nywele nazo huongezeka upesi, nazo hufa. Matibabu yakiisha, nywele huota tena. Basi upara wa mtoto yule si alama ya msiba, bali ni alama kwamba anatibiwa.

2. Je, liko tumaini? Liko. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago huko Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Uvimbe ule hukua upesi sana, lakini ukiwahiwa, dawa zaweza kuuponya. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu ni kuchelewa, kukosa dawa, na kuacha matibabu katikati. Kwa hiyo mkiona uvimbe wa taya au wa tumbo, au weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, msingoje, mpelekeni hospitali.

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha husaidia watoto hawa watibiwe bila malipo. Lakini kutoka Tukuyu hadi huko ni zaidi ya kilometa 800, na matibabu huchukua miezi mingi. Mama anayemwuguza ameacha migomba yake na watoto wengine nyumbani. Nauli na chakula ndivyo vinavyowarudisha wengi kabla ya wakati.

3. Kunyoa kwa ajili ya mwingine kulitoka wapi? Tarehe 17 Machi 2000, huko New York, watu 19 walinyolewa ili wasaidie watoto wenye saratani. Walitumaini kupata dola 17,000, wakapata zaidi ya dola 104,000. Hivyo ulianza mfuko uitwao St. Baldrick's. Lakini Maandiko yana habari ya zamani zaidi. Mnadhiri alinyoa siku nadhiri yake ilipotimia, naye alipaswa kuleta wana-kondoo wawili, kondoo mume na kikapu cha mikate. Maskini angevipata wapi? Kwa hiyo Paulo aliambiwa awagharimie watu wanne, wapate kunyoa. Basi twaona kwamba kunyoa si kwa msiba tu, tena kwaweza kufuatana na kumgharimia ndugu.

4. Tujihadhari na nini? Bwana alikataza kupiga panda tutoapo sadaka. Anayenyoa ili asifiwe amepoteza nywele zake bure. Na anayenyoa asitoe kitu, wala asiombe watu watoe, hajamsaidia mtoto.

Kwa hiyo tuliwajibu wazee hivi: vijana na wanyoe, lakini kwa masharti matatu. Kabla ya wembe kushikwa, itangazwe wazi kwamba mtoto yu hai, tena anatibiwa. Fedha zihesabiwe mbele ya wote na kuandikwa. Na mama aulizwe kwanza kama apenda, maana mtoto ni wake. Wazee wakakubali.

Maswali ya kufundishia:
1. Paulo aliwagharimia watu wangapi, na kwa sababu gani?
2. Upara wa mtoto anayetibiwa saratani una maana gani?
3. Katika usharika wako, ni nani aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya macho ya watu? Nani atakwenda kumwita?