Nani Hupandisha Bei ya Shamba? Maswali ya Matembwe kuhusu Mipango ya Ardhi

Ukitoka Njombe mjini ukapita Kibena na kushika njia ya Lupembe, ardhi huanza kukuambia bei yake kabla hujamuuliza mtu. Chai iko upande huu, misindano upande ule, na katikati kuna shamba la mahindi ambalo tayari limechimbwa mashimo ya miche ya parachichi. Ekari moja ina wachumba watatu. Maswali ya mipango ya ardhi ya kijiji cha Matembwe huanzia hapo.

Sisi ni kijiji. Mipango miji inatuhusu nini?

Jina ndilo linalopotosha. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inahusu miji, lakini mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, ambayo inakipa kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, Mkutano Mkuu hupitisha, na wataalamu wa wilaya husaidia. Mara nyingi kazi huanza kwenye udongo mtupu: watu huchora kijiji chao kwa vijiti, majani yakawa msitu, majivu yakawa barabara. Kisha mama mmoja husema chemchemi imewekwa mahali sipo, na ubishi unaanza. Msiukimbie ubishi huo. Ni nafuu kubishana juu ya majivu kuliko juu ya msingi wa nyumba.

Bei ya ardhi hupandishwa na nani?

Tazameni Makambako. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inakutana pale na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na hapohapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Mwenye shamba jirani hakutandika taruma hata moja, lakini shamba lake liligeuka viwanja vya biashara. Thamani ile ililetwa na fedha ya umma.

Mtu kufaidi si dhambi. Kinachoniuma ni kijiji kushtukizwa na bei iliyokuwa ikija waziwazi. Eneo la soko, stendi, shule na makaburi lisipotengwa wakati ekari bado ni shamba, kijiji kitalinunua siku ekari imekuwa viwanja, kwa bei iliyopandishwa na barabara ambayo wanakijiji wenyewe waliiomba. Na pale nyumba zilipojengwa kiholela, urasimishaji wa makazi ukifika, wenyeji huombwa kumega viwanja vyao ili gari la wagonjwa lipate pa kupita, na gharama za upimaji huwaangukia wao.

Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza kwamba matumizi ya shamba huamuliwa sana na gharama ya kufikisha mazao sokoni. Mkulima wa chai wa Lupembe analijua hilo bila kitabu. Jani bichi likichelewa kufika kiwandani linaharibika, kwa hiyo shamba lenye udongo mzuri na njia mbovu linashindwa na shamba la wastani lililo kando ya barabara. Ndiyo maana kuchagua barabara ipi ya kijiji itengenezwe kwanza ni kuamua pia mashamba ya nani yatapanda thamani. Uamuzi wa namna hiyo ufanywe mbele ya watu.

Shamba ni langu, milingoti ni yangu. Kosa liko wapi?

Matembwe ina sababu ya kulijibu swali hili kuliko vijiji vingi. Tangu miaka ya 1980, kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia, kumekuwa na umeme wa maji hapa, na kampuni ya kijiji, Matembwe Village Company, inajulikana kwa vifaranga na chakula cha mifugo. Yai la kuku hukaa kwenye mashine siku 21 hadi kutotolewa. Umeme ukikatika siku ya 18 na joto likashuka, kifaranga kilicho ndani hakina pa kukimbilia. Sasa fuateni waya kurudi nyuma: kutoka kwenye mashine hadi mtamboni, kutoka mtamboni hadi mtoni, kutoka mtoni hadi kwenye kijito, na juu kabisa kwenye bonde ambalo mtu amepanda milingoti.

Mlingoti, yaani mkaratusi, hukua haraka na hunywa maji mengi. Pesa ya nguzo zake huingia kwa mmoja, na upungufu wa maji hugawanywa kwa wengi, wakiwemo wasiojua bonde lile liko wapi. Mnunuzi wa nguzo halipii maji yaliyonywewa, kwa hiyo bei haiwezi kumwonya mpandaji. Lazima watu wakae wakubaliane.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na vinyungu, zile bustani za bondeni, je? Kinyungu ndicho mboga na mahindi mabichi ya kiangazi. Kumwondoa mama bondeni bila kumwonyesha pa kulima ni kumtwisha peke yake gharama ya umeme wa wote. Mpango wa haki huandika yote mawili: milingoti ipande miinukoni, na wenye vinyungu wapewe eneo mbadala na muda wa kuhama.

X nyekundu na X ya kijani zina tofauti gani?

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi huchorewa X nyekundu: abomoe, hana fidia. Aliyekuwapo kihalali kabla sheria haijamfikia huchorewa ya kijani, naye hustahili fidia. Kabla ya kumwaga msingi, pimeni.

Mwekezaji akitaka ardhi ya kijiji, nani husema ndiyo?

Si mwenyekiti na mtendaji peke yao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena mikononi mwa kijiji, Mkutano Mkuu huidhinisha au hukataa ikiwa haizidi hekta 250, yaani ekari zaidi ya 600. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupata mapendekezo ya Mkutano. Fidia hukubaliwa kabla ya kuhamisha. Jambo linalosahaulika ni hili: ardhi ikishahamishwa, mwekezaji akishindwa haijirudii yenyewe kijijini. Pigeni hesabu ya wajukuu, si ya ajira za msimu huu tu.

Hati ya kimila inafaa nini?

Hakimiliki ya kimila hupunguza ugomvi wa mipaka na huweza kutumika kama dhamana ya mkopo. Wanandoa waandikishe majina yote mawili. Mjane asiye na jina kwenye hati huanza kesi akiwa nyuma. Migogoro hupelekwa kwanza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu.

Nianzie wapi?

Nenda ofisi ya kijiji, uliza kama cheti cha ardhi ya kijiji kipo na kama mpango wa matumizi ya ardhi umepitishwa, kisha omba kuuona. Kama haupo, mwombe mwenyekiti aweke suala hilo kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu ujao. Mkutano huo hutakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mwanakijiji aliyetimiza miaka 18 ana kura.