Pedeli Laini: Somo la Kanieneo Nililolipata Chini ya Land Rover

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mafia nikiwa na andalio zuri la somo la kanieneo. Kanuni ya Pascal nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, kanieneo husambaa sawasawa kila upande. Kumbe kuijua kanuni ni jambo moja, na kuikanyaga kwa mguu ni jingine.

Baba mdogo ana Land Rover 109 ya zamani, inayobeba abiria na nazi kutoka vijiji vya kaskazini mpaka Kilindoni. Breki zake zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Zikilowa maji ya madimbwi, gari linavuta upande. Akaamua mbele zifungwe za diski, akaagiza kalipa za mtumba kutoka Dar, zikavushwa kwa boti kutoka Nyamisati. Fundi akafunga, mimi nikiwa msaidizi. Tulipomaliza, pedeli ikawa laini kama unakanyaga godoro, na Jumatatu alfajiri kulikuwa na abiria wa kuwahi boti. Anayeujua mteremko wa kushuka gatini ananielewa.

Pedeli inasema nini?

Fundi alinikalisha kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa. "Mwalimu, kanyaga, halafu niambie unachosikia." Kabla ya hapo alikuwa ameangalia kama oili ya breki imepungua au kuna maungio yanayovuja. Baadaye nikaandika majibu yake kwenye daftari:

1. Pedeli ikizama polepole ukiwa umeikandamiza tu, kuna mahali panavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imekwisha.
2. Ikishuka mbali ndipo ikawa ngumu, breki zina nafasi kubwa kabla ya kugusa, au masta ni ndogo kwa kalipa mpya.
3. Ikiwa kama sponji, na ukipampu harakaharaka inapanda kidogo, kuna hewa kwenye paipu. Wakati mwingine ni hosi za mpira zilizochoka, zinavimba ukikanyaga.

Yetu ilikuwa ya tatu, yenye dalili kidogo za pili. Hapo ndipo Pascal anapoingia. Oili haibonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika yote kwenye pedi. Hewa inabonyea. Mguu unashuka, unaibana hewa, na gurudumu linaendelea na safari yake.

Kutoa upepo

Tukatoa upepo kwa utaratibu: tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, tunamalizia na lililo karibu. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine analegeza nipo, oili na mapovu yanatoka, anakaza, ndipo pedeli inaachiwa. Ukiiachia kabla nipo haijakazwa, inavuta hewa upya. Oili iliyotoka hairudishwi. Oili ya breki hunyonya unyevu, na kisiwani kwetu unyevu haukosekani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke nao unabonyea.

Tulirudia mara nne. Chupa mbili zikaisha. Pedeli bado godoro.

Jioni, fundi akiwa ameenda kuswali, niliingia chini na tochi. Nikaona nipo za kalipa za mbele zinatazama chini. Nikakumbuka maji yanavyochemka sufuriani: mapovu hupanda juu siku zote. Hewa ilikuwa imekaa juu ya kalipa, sisi tunafungulia chini. Tungeweza kumwaga oili mpaka Idi, ile hewa isingetoka.

Kwa nini zilikaa vile? Kalipa ya kulia ilifungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Na maandishi "KULIA" na "KUSHOTO" juu yake yalikuwa yangu. Niliyaandika nikiwa nimesimama mbele ya gari, nalitazama. Kulia na kushoto kwa gari huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Fundi aliyaamini kwa sababu aliyeandika ni msomi.

Nilitamani kunyamaza na kuzibadilisha kimyakimya. Lakini baba mdogo alishaanza kunung'unika kwamba fundi kamwibia oili. Nikawaita wote wawili. "Baba mdogo, kosa ni langu. Fundi hana lawama." Baba mdogo akaniangalia kwa muda, akasema, "Haya, mwalimu. Oili utanunua wewe." Fundi akacheka: "Na mimi nilipaswa kutazama nipo, siyo herufi."

Tukazibadilisha, tukatoa upepo, usponji ukaisha. Pedeli ilibaki ndefu kidogo, ile dalili ya pili. Tukarekebisha dramu za nyuma: kaza mpaka shuu iguse, legeza kidogo gurudumu lizunguke. Ikasimama juu, ngumu. Isingekubali, tungehamia kwenye masta. Hesabu yake ni rahisi: masta ya milimita 19 ikilinganishwa na ya milimita 22, ili isukume oili ileile, pistoni yake lazima isafiri takribani mara 1.34 zaidi, kwa sababu eneo hufuata mraba wa kipenyo.

Jumapili tulijaribu mwendo mdogo, mahali tambarare, bila abiria. Jumatatu gari lilishuka gatini, nami nilikuwa ndani.

Andalio langu nimelibadilisha. Sasa linaanza na mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, mpira mwembamba na maji. Mwanafunzi asukume moja, aone la pili linavyosogea. Kisha aingize povu la hewa, asukume tena, aseme kidole chake kimesikia nini. Akishasema, ndipo nitaandika jina la Pascal ubaoni.